Kupiga picha Thailand: kalenda kwanza, kamera baadaye

Kila mwaka mamilioni ya watalii huingia Thailand na kamera begani, na wengi wao hurejea makwao na picha zinazofanana. Makala yetu hii inaeleza namna ya kuipanga safari ya kupiga picha nchini humo, na mambo anayopaswa kuyajua mpiga picha kabla hajanunua tiketi.

Msikilizaji, swali la kwanza si kamera gani ichukuliwe, bali ni mwezi gani wa kusafiri. Na hapa mtu aliyekulia Pemba, Lamu au Sur huko Oman ana faida asiyoijua. Upepo wa kusi tunaoufahamu haukomei kwetu. Ukishavuka ikweta hugeuka, ukawa upepo wa kusini-magharibi unaoikata Bahari ya Hindi ukiwa umebeba mvua. Kuanzia katikati ya Mei hadi Oktoba mvua hizo huipiga pwani ya Bahari ya Andaman, ziliko Phuket, Krabi na Phang Nga. Bahari huchafuka, na baadhi ya safari za mashua husimamishwa.

Ifikapo Novemba huvuma upepo wa kaskazini-mashariki, ndugu wa kaskazi yetu. Anga ya sehemu kubwa ya nchi husafika, na yale majabali ya chokaa yaliyosimama wima katika Ghuba ya Phang Nga huonekana toka mbali. Lakini upepo huohuo, unapopita juu ya Ghuba ya Thailand, hukusanya maji na kuyamwaga upande wa pili wa rasi. Ndiyo sababu kisiwa cha Ko Samui hunyeshewa zaidi kati ya Oktoba na Disemba, wakati Phuket inakauka. Asiyelijua hili huweza kulipia wiki nzima ya jua, akaipata ya mwavuli.

Kaskazini, katika milima ya Chiang Mai, kuna adui mwingine. Kati ya Februari na Aprili mabaki ya mazao huchomwa mashambani na moto hushika misitu, na moshi huyafunika mabonde kwa majuma mengi. Mwezi Machi mlima mzima unaweza kutoweka ukiwa umesimama chini yake. Msimu wa mvua, unaoogopwa na wengi, una picha zake: mashamba ya mpunga huwa kijani kibichi na watalii ni wachache.

Baada ya mwezi huja saa. Mjini Bangkok liko hekalu la Wat Arun, yaani Hekalu la Alfajiri, na jina hilo limewapotosha wengi. Hekalu limesimama ukingo wa magharibi wa mto Chao Phraya. Asubuhi jua hulimulika usoni, vikaonekana vipande vya kaure ya Kichina vilivyopachikwa ukutani. Jioni jua huzama nyuma yake, nalo likabaki umbo jeusi juu ya mto uliogeuka dhahabu. Picha zake nyingi mashuhuri, basi, zilipigwa wakati wa magharibi, kutoka ng'ambo ya pili. Mwezi Disemba mpiga picha awe amekwisha kaa mahali pake kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni.

Na tukitaja saa, Mswahili atafurahi kusikia kwamba Wathai nao, katika mazungumzo ya kawaida, huanza kuhesabu saa za usiku baada ya machweo kama tufanyavyo sisi: saa moja usiku kwao ni ya kwanza, saa mbili ni ya pili, hadi saa tano. Hesabu huachana na yetu ifikapo usiku wa manane.

Sikukuu nazo zina kalenda yake. Songkran, mwaka mpya wa jadi ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2023, huwa tarehe 13 hadi 15 Aprili, na kila apitaye barabarani humwagiwa maji. Kamera isiyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki haitasalimika. Loy Krathong, usiku wa kuelea kwa vyombo vidogo vya majani ya mgomba vyenye mishumaa, hufuata mwezi mpevu. Mwaka 2023 ilikuwa Novemba 27, mwaka 2024 Novemba 15. Tofauti na kalenda ya Kiislamu, ile ya Wathai huongezewa mwezi wa 13 katika baadhi ya miaka ili isiachane na majira, kwa hiyo sherehe haitoki mbali na Novemba. Huko Chiang Mai usiku huo taa za karatasi hurushwa angani kwa wingi hata ratiba za ndege hubadilishwa. Anayenuia kuondoka mjini humo usiku huo na atazame tiketi yake mara mbili.

Kuhusu vyombo nitasema machache. Aliyewahi kutoka kwenye chumba baridi mchana wa Agosti mjini Muscat anajua jinsi miwani inavyojaa ukungu. Lenzi hufanya vilevile. Kamera iachwe ndani ya begi kama nusu saa ili izoee joto la nje.

Zaidi ya lenzi kuna sheria, na hapa makosa ni ghali. Kifungu cha 112 cha sheria ya jinai ya Thailand kinaadhibu kumtusi mfalme, malkia, mrithi wa kiti au kaimu wa mfalme kwa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa. Picha ya mzaha mbele ya sanamu ya mfalme, au maneno ya kejeli yaliyoandikwa chini ya picha kwenye intaneti, si jambo la kucheka. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa hupigwa katika vituo vya treni na bustani, na watu husimama kimya. Kamera nayo ishushwe, hata kama jua ndilo linazama.

Droni zinahitaji kusajiliwa na mamlaka ya anga na pia na tume ya mawasiliano, na mwishoni mwa Julai 2025, kufuatia mapigano kwenye mpaka na Kambodia, zilipigwa marufuku nchi nzima. Mwenye droni aulize hali ilivyo katika juma la safari yake. Ndani ya ukumbi wa sanamu ya Buddha wa Zumaridi mjini Bangkok picha haziruhusiwi kabisa. Huko Ayutthaya, mji mkuu wa kale ulioteketezwa na majeshi ya Burma mwaka 1767, kipo kichwa cha sanamu kilichokumbatiwa na mizizi ya mti; anayetaka kupigwa picha nacho hutakiwa kuchutama, kichwa chake kisije kikawa juu ya kile cha Buddha.

Linalobaki ni gumu zaidi. Katika majimbo ya Mae Hong Son na Chiang Rai viko vijiji vya Wakayan, ambao baadhi ya wanawake wao huvaa koili za shaba shingoni. Shingo yenyewe hairefuki. Uzito wa shaba ndio unaoshusha mitulinga. Wengi wao ni wakimbizi waliotoroka vita katika jimbo la Kayah, Burma, tangu miaka ya 1980, au watoto wao. Wageni hutozwa kiingilio ili wawaone. Mwaka 2008 shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, lililalamika hadharani kwamba Wakayan kadhaa waliokubaliwa kuhamia nchi nyingine walikuwa wakinyimwa ruhusa ya kuondoka. Wapo wanaojibu kwamba kuvisusia vijiji hivyo ni kuwanyima wanawake hao riziki, na hoja hiyo ina uzito.

Msikilizaji aliyepata kumwona mtalii akimwelekezea lenzi Mmaasai kando ya barabara ya Arusha bila hata salamu, au mama wa Lamu akijifunika buibui ili asipigwe picha, atalielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Kwa maoni yangu, ziara ya basi inayosimama kijijini nusu saa haifai. Anayekwenda aende na siku nzima, anunue nguo iliyofumwa na mwenyeji, na kamera aitoe mwisho. Kuomba ruhusa kwa Kithai husemwa "kho thai rup dai mai", mwanamume akiongeza "khrap" na mwanamke "kha". Na jibu linaweza kuwa hapana.

Kuhusu hati: tangu Mei 1, 2025 kila mgeni hujaza fomu ya kuwasili kwenye intaneti, bila malipo, katika siku 3 kabla ya kufika. Watokao nchi zenye homa ya manjano, Kenya na Uganda zikiwamo, hutakiwa kuonyesha cheti cha chanjo, na sindano hiyo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kutua Bangkok.