Redio ya taifa imebadilisha jina, je, inamtumikia nani?

Nilipokuwa katika shule ya msingi, mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kuiweka redio juu ya meza yake kila vipindi vya shule vilipowadia. Sisi wanafunzi tulinyamaza jii, tukamsikiliza mwalimu tusiyemwona. Wakati huo kituo kile kikiitwa Sauti ya Kenya. Leo kinaitwa KBC, na wanafunzi wengi hawajui kwamba ni kituo kile kile.

Historia yake yafaa ifahamike, maana ni kioo cha nchi yenyewe. Matangazo yalipoanza humu nchini mnamo 1928, yalikuwa kwa Kiingereza na yalikusudiwa walowezi waliotaka habari za kwao Uingereza. Mwafrika hakuhesabiwa. Ni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ambapo serikali ya kikoloni ilitambua kwamba jamaa za askari Waafrika nao walihitaji kupashwa habari za vita, na Kiswahili kikapata nafasi hewani. Kwa hivyo hatukuingizwa redioni kwa hisani, bali kwa haja ya mtawala.

Mnamo 1961 liliundwa shirika lililoitwa KBC. Baada ya uhuru, mwaka 1964, likataifishwa na kuwa Sauti ya Kenya chini ya wizara ya habari. Jina lilikuwa tamu, lakini sauti iliyosikika aghalabu ilikuwa ya serikali. Agosti 1, 1982, wanahewa walioasi waliiteka studio, na mtangazaji mashuhuri Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyo hiyo majeshi matiifu yakaikomboa. Sauti iliyozoewa na wasikilizaji ilikuwa ile ile. Mwenye bunduki ndiye aliyebadilika. Mwaka 1989 jina la KBC likarejeshwa, hata hivyo, habari za Rais ziliendelea kutangulia nyingine zote.

Kisha vikaja vituo vya kibinafsi. Capital FM ilianza mwaka 1996, na baadaye vikafuata vingine vingi vya Kiswahili na vya lugha za mama. Msikilizaji akapata la kuchagua, na wengi wakaihama redio ya taifa.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kuviiga vituo hivyo: vichekesho asubuhi, Sheng mchana na muziki usiku. Ni kweli kwamba redio isiyobadilika hufa. Lakini kituo cha kibinafsi huishi kwa matangazo ya biashara, nacho kina haki ya kumtafuta mwenye pesa. Redio ya umma ina deni kwa yule asiye na pesa. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalipeperushwa kupitia KBC, yakawafikia hata watoto ambao nyumbani kwao hakukuwa na intaneti wala kompyuta. Siku hizo hakuna aliyeuliza kama redio ya taifa imepitwa na wakati.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipo utambulisho wake. Tangu 1928 kituo hiki kimebadilishwa na mkoloni, na vita, na serikali, kisha na soko. Bado hakijabadilishwa na msikilizaji mwenyewe.

Walimu wenzangu wanaweza kuanza. Waambieni wanafunzi wasikilize taarifa moja ya habari kila juma, kisha waandike mambo mawili: ni Kiswahili gani kilichotumika, na ni nani aliyekuwa akizungumziwa. Wakifanya hivyo kwa muhula mmoja, watakuwa na la kuwaambia wakuu wa redio yao. Nao wakuu hao, ambao mishahara yao hutokana na kodi ya wazazi wa wanafunzi hao, hawana budi kuwasikiliza.