Uyoga: Chakula au Dawa?

Siku hizi ukienda Nyeri mjini au Karatina huenda ukakutana na muuzaji wa kahawa au vidonge vya uyoga. Atakuambia vinaponya presha, sukari, hata kansa. Je, ni kweli?

Uyoga na ukungu wote ni jamii ya kuvu, na kuvu wameipa dunia dawa kubwa. Penisilini, iliyogunduliwa London mwaka 1928, ilitoka kwa ukungu. Japani nayo mwaka 1977 iliruhusu dawa ya kansa iliyotolewa katika uyoga unaoota kwenye magogo. Lakini wagonjwa walipewa pamoja na matibabu mengine ya hospitali, si peke yake. Hapa kwetu, mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton na wenzao wa Ujerumani walitangaza kemikali mpya kutoka kuvu wa Mlima Elgon, ambazo zilizuia bakteria fulani. Hiyo ilikuwa kwenye maabara, na maabara si mwili wa mtu.

Sasa ule wa kahawa? Mara nyingi ni uyoga mgumu kama ubao, uotao kwenye mashina ya miti, ambao Wachina wameutumia tangu zamani. Mwaka 2015 wataalamu walipima pamoja majaribio yaliyofanyiwa wagonjwa wa sukari. Hawakuona ushahidi kwamba unashusha sukari. Ukiupenda, basi, ni pesa zako. Hatari ni kuacha tembe za kliniki. Presha haina kelele: mtu anaacha dawa, anajisikia mzima kabisa, halafu siku moja anapooza upande mmoja. Na anayemeza dawa za kuzuia damu isigande amwulize daktari kwanza, kwani uyoga huo unaweza kumfanya atokwe na damu zaidi.

Makunu tunayolima wenyewe kwa mabua ya mahindi na maganda ya maharagwe yana faida iliyo wazi zaidi. Hayana mafuta mengi wala chumvi nyingi, kwa hiyo yanamfaa mwenye presha, mradi mpishi asimimine chumvi sufuriani! Ukiyakata na kuyaanika kwenye jua la adhuhuri kabla ya kupika, yanajitengenezea vitamini D. Wanaovuna wafunike pua kwa kitambaa na kufungua madirisha, maana vumbi la uyoga uliokomaa huleta kikohozi na kubana kifua.

Ya porini tuyaogope. Kusema eti wadudu wameyala, kwa hiyo ni salama, ni uongo. Kupika hakuondoi sumu iliyo kali. Mtu anaweza kula jioni na kuanza kutapika na kuhara usiku wa manane au asubuhi. Kisha anapata nafuu kama siku moja, nyumbani wanashukuru, kumbe ini linaharibika. Msingoje nafuu hiyo. Mpelekeni hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga aliokula, na wote waliokula sufuria ile waende naye hata kama hawajaumwa.