Kidimbwi cha Nyumbani: Tupande Nini?

Tulio na vidimbwi vya maji ya mvua hapa Malindi na Kilifi, tupande mimea yetu ya asili. Vyura na kereng'ende watakuja wenyewe, na watoto wa kereng'ende waishio majini hula viluwiluwi vya mbu. Hata hivyo, chandarua tusikiache.

Katikati tupande yungiyungi: majani yake huyatia maji kivuli. Ukingoni, matete machache tu, tena tuyapunguze, maana huenea upesi.

Lakini jamani, gugumaji tusilete, hata kama ua lake lapendeza! Asili yake ni Amerika Kusini, na wavuvi wa Ziwa Victoria limewatesa tangu miaka ya 1990.

Watoto nao wasioge humo: konokono wa maji hueneza kichocho.