Kibuyu Hakina Kosa

Mwishoni mwa kiangazi kilichopita, bibi mmoja mjane, jirani wa msikiti wetu, alituletea vibuyu vitatu vilivyokauka vizuri. Alikuwa amesikia kwamba maji ya udhu yamepungua, na kwamba watoto wa madrasa hutoka chooni bila kunawa. Alisema, "Wanangu, vitoboeni hivi, watoto wapate kunawa."

Sisi wanakamati tulisita. Mmoja wetu akatamka waziwazi kuwa vibuyu ni vifaa vya waganga na nyumba ya Allah haivihitaji. Wengine tukanyamaza. Bibi hakujibu neno. Alivifunga vibuyu vyake kwenye kanga akaondoka.

Siku chache baadaye tuliwasikia watoto wetu wenyewe wakimwita mchawi alipokuwa akipita njiani. Hapo ndipo tulipotambua tulilolifanya. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita neno hilo si mzaha. Vikongwe wengi wa Usukumani wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na wengine walituhumiwa kwa sababu tu ya macho mekundu, macho ambayo moshi wa jikoni uliyachoma kwa miaka mingi walipokuwa wakitupikia.

Sheria inavyokitazama kibuyu

Tulirudi kwenye mafundisho ya dini yetu. Katika Surat As-Saffat, aya ya 146, tunaelezwa kwamba Nabii Yunus (a.s.) alipotupwa ufukweni akiwa mgonjwa, Mwenyezi Mungu alimwoteshea mmea wa yaqtiin, ambao wafasiri wengi wamesema ni wa jamii ya mumunye. Anas bin Malik (r.a.) naye amesimulia jinsi alivyomwona Mtume (s.a.w.) akitafuta vipande vya mumunye pembezoni mwa sahani, na tangu siku hiyo yeye mwenyewe akakipenda chakula hicho.

Kuhusu chombo chenyewe, tunayo mafundisho yaliyo bayana zaidi. Ujumbe wa Abdul-Qays ulipofika Madina, Mtume (s.a.w.) aliwakataza kuloweka vinywaji katika baadhi ya vyombo, na kibuyu kikiwa mojawapo. Wanazuoni wameeleza sababu: ndani ya vyombo hivyo kinywaji huchacha upesi, na mnywaji asitambue kuwa kimekwisha kuwa kilevi. Baadaye, kama alivyopokea Buraida (r.a.), katazo la vyombo likaondolewa, na katazo la kilevi likabaki. Kosa halikuwa la kibuyu. Lilikuwa la kilichomo.

Kadhalika, mganga anayepiga ramli kwa kibuyu ndiye mwenye kosa, pamoja na anayekwenda kumuuliza mwamba wa dhahabu umelala wapi. Tusiuache ushirikina wa machimboni ukiendelea, kisha tukamhukumu ajuza kwa chombo chake cha maziwa. Tena sisi tunaoishi juu ya dhahabu tukumbuke kwamba vyombo tulivyokatazwa kulia na kunywea ni vya dhahabu na fedha, si hivi vinavyoota uani.

Kazi za kibuyu nyumbani

Mama zetu wa Kisukuma walisukia maziwa katika kibuyu hadi wakapata siagi ya kuchemshia samli. Kibuyu kilichopasuliwa kati kiliwapa kata ya kuchotea maji na kipimo cha nafaka. Chenye shingo nyembamba kilihifadhi mbegu zilizochanganywa na majivu hadi msimu wa kupanda, na kilichopata ufa kilishonwa kwa uzi kikaendelea na kazi. Hata leo kipande kilichovunjika chaweza kuwa chombo cha kunyweshea vifaranga au cha kuoteshea miche ya mchicha.

Kazi tuliyoihitaji sisi ilikuwa kibuyu chirizi. Jina hilo limeenea nchini katika kampeni za usafi, ingawa siku hizi chombo chenyewe mara nyingi ni dumu la plastiki. Chimbia nguzo mbili zenye panda, laza mti juu yake, kisha ning'iniza hapo kibuyu cha shingo ndefu, shingo ikielekea juu kidogo. Toboa tundu dogo kwenye ncha ya shingo na tundu la kujazia maji juu ya tumbo. Funga kamba shingoni na uishushe hadi kwenye kijiti kilicho chini. Ukikikanyaga kijiti, shingo huinama na maji huchirizika. Ukiachia, hunyanyuka na maji hukoma. Mkono uliotoka chooni haugusi chombo. Ning'iniza sabuni kando yake.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Mbele ya bomba lililo wazi ni vigumu kuifuata sunna hiyo. Kibuyu chirizi humfundisha hata mtoto, naye hujionea kwamba maji machache yanatosha.

Namna ya kukiandaa

Panda mbegu kando ya uzio mvua za kwanza zinapoanza. Acha tunda likauke kwenye mtambaa hadi kikonyo kikauke kabisa. Toboa, jaza maji na uyaache siku kadhaa nyama ya ndani ioze. Mwaga, tia changarawe, tikisa kwa nguvu, kisha suuza mara nyingi hadi maji yatoke bila uchungu. Anika kivulini. Angalizo: mumunye bichi lenye uchungu lisiliwe kabisa, kwani uchungu huo ni sumu.

Chombo cha kuogopwa

Kama kuna chombo cha kuogopwa katika nyumba zetu, ni dumu lililotoka kwenye uchenjuaji wa dhahabu. Madumu yaliyobeba zebaki au sianidi yasitiwe maji ya kunywa, ya kupikia wala ya kutawadhia, hata yakioshwa mara ngapi. Vilevile beseni la kuchenjulia lisirudi jikoni. Hapa madhara yamo ndani ya chombo chenyewe, na mtoto huyanywa bila kuyaona.

Wanakamati wote tulikwenda kwa yule bibi kumwomba radhi, nasi tukawachukua wale watoto. Alitupa vibuyu vyake na kiganja cha mbegu. Vibuyu viwili sasa vinaning'inia nje ya vyoo vya msikiti, na cha tatu ni cha madrasa. Mbegu tumezipanda kwenye uzio, na bibi ndiye anayewaelekeza watoto jinsi ya kuzitunza. Siku hizi wanamwita Bibi.

Wabillahi tawfiq.