Frances Marion, Mwandishi Aliyewajua Waigizaji Wake

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza kuandika michezo ya redio huniletea maneno mazuri yasiyo na mdomo wa kuyasema. Ndipo ninapowasimulia habari za Frances Marion.

Alizaliwa San Francisco mwaka 1888, akajifunza kazi ya filamu kwa mwongozaji Lois Weber. Kufikia 1917 alikuwa akimwandikia Mary Pickford, nyota mkubwa wa filamu bubu. Baadaye akawa nguzo ya studio ya MGM.

Mwandishi wa zama zile alikuwa mwajiriwa. Alilipwa kwa wiki, na alichoandika kilikuwa mali ya studio. Mtayarishaji aliweza kumpa mwingine skripti hiyohiyo aibomoe na kuijenga upya. Ndani ya mfumo huo mgumu, Marion alishika kanuni moja: mjue mtu kabla hujamwandikia.

Mtazame Marie Dressler. Alikuwa amewika jukwaani, lakini katika miaka ya 1920 alikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka hamsini asiye na kazi. Marion alimwandikia nafasi katika filamu ya mwaka 1927, akawashawishi wakubwa wa MGM wamchukue. Mwaka 1930 akashiriki kuandika Min and Bill, na Dressler, mwenye umbo kubwa na uso uliokunjamana, akatwaa Oscar.

Sauti ilipoingia kwenye filamu, MGM iliogopa lafudhi ya Kiswidi ya Greta Garbo. Filamu yake ya kwanza ya kuzungumza, Anna Christie, ilitokana na tamthilia ya Eugene O'Neill kuhusu binti wa Kiswidi, na Marion ndiye aliyeiandikia skripti. Lafudhi iliyoogopwa ikawa ndiyo sauti halisi ya mhusika.

Kwa ajili ya The Big House, filamu ya maisha ya gerezani, alikwenda gereza la San Quentin kuwaona wafungwa na maisha yao. Skripti hiyo ilimpa Oscar, ya kwanza kwa mwanamke nje ya uigizaji. The Champ, kisa cha bondia mlevi na mwanawe, ikampa ya pili.

Hakujitazama peke yake. Mwaka 1933, studio zilipowakata wafanyakazi mishahara, waandishi waliunda chama chao, naye akawa miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo. Mwaka 1937 alichapisha kitabu cha kufundisha uandishi wa filamu. Aliiacha Hollywood katika miaka ya 1940, akafariki mwaka 1973.

Wengi humsifu kwa wingi wa filamu zake. Mimi namheshimu kwa sababu aliona thamani ya Dressler wakati soko lilikuwa limeshamfuta. Kumtazama mtu kwa makini kiasi hicho ni sehemu ya kazi ya uandishi, na anayeiruka hana haki ya kumlaumu mwigizaji maneno yanapomkwama.