Chupa Moja, Watoto Sita

Mtoto wa koyote huzaliwa kipofu, masikio yamelala, manyoya rangi ya udongo mkavu, na uzito usiofika hata nusu kilo. Ukimweka kiganjani hajui kama ameshikwa na mtu au amelaliwa na mama yake. Anachotafuta ni joto na chuchu. Anayeamua kumlea kwa mkono ajiandae kukosa usingizi. Chupa ya maziwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, na baada ya kila chupa kumpangusa tumbo na makalio kwa kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu. Bila kupanguswa hivyo hakojoi. Porini kazi hiyo hufanywa na ulimi wa mama.

Tena malezi haya yana muda wake. Macho hufumbuka akiwa na siku kama 10 hadi 14, na anayetaka azoeane na watu humchukua karibu na siku hizo. Akichelewa wiki kadhaa, binadamu huwa keshaandikwa kichwani mwake kuwa ni hatari, na maziwa hayafuti maandishi hayo.

Koyote ni jamaa wa mbwa anayeishi Amerika, kuanzia Alaska mpaka Panama. Ni mkubwa kidogo kuliko bweha wetu, na mdogo kuliko mbwa mwitu wa kijivu. Mwaka 1823 Thomas Say alimpa jina la kisayansi Canis latrans, yaani mbwa abwekaye. Na huyu “bweha wa dhahabu” anayeonekana Serengeti na Ngorongoro si mgeni kwake: mwaka 2015 wataalamu wa vinasaba walionyesha kwamba mnyama huyo wa Afrika yuko karibu zaidi na mbwa mwitu na koyote kuliko alivyo na bweha wa dhahabu wa Asia na Ulaya, ingawa kwa sura ungesema ni pacha. Kwa hiyo tunapozungumza habari za koyote hatuzungumzi habari za ukoo wa mbali sana.

Kwao Marekani hana sifa nzuri. Wafugaji wa kondoo humtazama kama wafugaji wetu wanavyomtazama fisi, na serikali huua makumi ya maelfu kila mwaka. Anayetajwa katika hesabu hizo ni “koyote” tu, kana kwamba ni mmoja aliyerudiwa mara nyingi.

Waliowalea kwa chupa waliona vingine. Marc Bekoff, aliyepata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis mwaka 1972, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Colorado kwa miaka mingi, alianza kwa kulinganisha watoto wa koyote, wa mbwa mwitu na wa mbwa wa kufugwa. Walilelewa na binadamu, kisha wakatazamwa wawili wawili. Hoja ya malezi ya namna hiyo ni rahisi: maziwa yaleyale, mikono ileile, chumba kilekile. Ukishasawazisha kila kitu, tofauti inayobaki ni yao wenyewe.

Tofauti ya kwanza ilikuwa ya jamii kwa jamii. Watoto wa mbwa huanza kwa mchezo, na ugomvi wa kweli huja baadaye kama utakuja. Koyote hugeuza utaratibu. Wakiwa na wiki 4 au 5 hivi hupigana, na si utani: mmoja humng'ata mwenzake na kumtikisa, mwingine hupiga kelele, hulaza masikio na kujibana ukutani. Baada ya siku chache za vurugu hizo anajulikana nani mkubwa na nani mdogo. Hapo ndipo mchezo unapoanza.

Kinachonivutia mimi, hata hivyo, ni tofauti ya ndugu na ndugu. Kila mama aliyezaa Kurwa na Doto anaijua: tumbo moja, siku moja, ziwa moja, na bado mmoja atalala hata ngoma ikipigwa na mwingine ataamka kwa mlio wa kijiko. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, twaambiwa. Watoto sita wa koyote waliofumbua macho juu ya taulo moja wanaikataa nusu ya methali hiyo. Yuko mkavu wa macho, anayevamia chupa kabla haijafika kinywani na kuuma kidole kinachoishika. Yuko mtulivu, anayesubiri wenzake wachoke. Na yuko yule ambaye kila kitu kipya, hata ndoo iliyohamishwa kutoka kona hii kwenda ile, humfanya arudi nyuma hatua tatu kabla ya kunusa.

Hata mchezo una adabu zake, na adabu hizo ndizo zinazofichua hulka. Koyote anayemwalika mwenzake hushusha kifua mpaka chini, miguu ya mbele imenyooka, makalio juu, mkia unapepea. Mwaka 1977 Bekoff alichapisha kwenye jarida la Science kipimo cha mwinamo huo, akaonyesha kwamba haubadilikibadiliki ovyo. Ni kama maamkizi, una umbo lake. Baadaye akaonyesha wakati unapotumika. Mchezoni kuna kung'ata kunakoambatana na kutikisa kichwa kwa kasi, tendo lilelile la kuulia panya au sungura. Kabla au mara baada ya tendo hilo, koyote huinama tena, kama anayesema samahani ndugu, bado tunacheza. Wako wasioinama ipasavyo. Hao wenzao huwakwepa.

Kukwepwa kuna gharama yake. Bekoff na wenzake walipohamia porini, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Grand Teton jimboni Wyoming, walikuta kwamba kati ya vijana wa mwaka mmoja waliojitenga na familia, zaidi ya nusu walikufa. Kati ya waliobaki nyumbani, waliokufa hawakufika asilimia 20. Mwaka huohuo wa 1977 alikuwa ametoa nadharia kwamba anayeondoka mapema si lazima awe amefukuzwa na mkubwa. Huenda ni yule ambaye hakucheza, na kwa hiyo hakufunga udugu na wenzake.

Lakini wako pia wanaoondoka bila maelezo. Huko Teton alikuwepo jike ambaye watafiti walimwita Mama. Walimwona kwa miaka na dume wake na watoto wa mizao tofauti. Kisha akaanza kutoka peke yake kwa muda mfupi na kurudi, na kila aliporudi watoto walimlamba mdomo, wakalia, wakabiringika mbele yake. Siku moja akatoka asirudi. Baadhi yao walinusa alikopita na kubweka kuelekea alikokwenda, na kwa zaidi ya wiki moja kundi likapoa. Baadaye jike mgeni akajiunga, akazaa na dume yule watoto 8, na maisha yakaendelea. Kwa nini Mama aliondoka? Mimi ningesema alikuwa hivyo tu, ingawa najua jibu hilo halichapishwi kwenye majarida.

Nusu ya methali iliyobaki ilirudishwa na utafiti wa Millville, Utah, ambako serikali ya Marekani ina kituo cha kutafiti wanyama wala nyama. Hapo koyote hulelewa na wazazi wao wenyewe. Christopher Schell na wenzake walifuatilia familia 8 katika mizao miwili, chakula kikiwekwa karibu na lango na mtu ameketi nje akitazama. Matokeo, yaliyochapishwa 2018, ni kwamba watoto wa mzao wa pili walisogea kwa wepesi kuliko kaka na dada zao wa mzao wa kwanza. Kilichobadilika ni wazazi: walikuwa wamekwisha kumzoea mtu wa langoni, na watoto wakaurithi utulivu wao. Ndiyo sababu wahudumu wanaookoa watoto yatima wa koyote ili wawarudishe porini hujificha nyuma ya vinyago na hawasemi neno. Mapenzi ya chupa humpeleka mnyama mpaka ua wa jirani mwenye bunduki.

Kuna jambo moja ambalo chupa wala lango haviwezi kutuonyesha. Katika utafiti wa California uliochapishwa 2003, kamera zinazopiga picha zenyewe zilitegwa katika maeneo ya koyote waliokwisha kutambuliwa mmoja mmoja. Wadogo na wapita njia walipigwa picha. Wakubwa, wale wenye mji, hawakunaswa hata mara moja ndani ya mipaka yao. Watafiti walihitimisha kwamba wakubwa hao walikuwa wakifuatilia nyendo za watu, na huenda waliwatazama kutoka vichakani walipokuwa wakifunga kamera.