Montana ni ya Nani?

Magazeti ya Marekani yakichapa orodha za matajiri wenye ardhi kubwa, jimbo la Montana halikosekani. Ni jimbo la kaskazini, linapakana na Kanada, lina ekari zipatazo milioni 93, sawa na karibu mbili kwa tano za Tanzania, na watu wake ni milioni moja na ushee tu. Majina yanayotajwa huko yanajulikana. Kuna ndugu wawili wa Texas, Dan na Farris Wilks, waliopata mabilioni ya dola mwaka 2011 kwa kuuza biashara yao ya kupasua miamba ya mafuta na gesi, kisha wakawa wananunua ranchi moja baada ya nyingine. Kuna Ted Turner, mwanzilishi wa CNN, aliyenunua ranchi ya Flying D karibu na mji wa Bozeman mwaka 1989, ekari 113,000, akaondoa ng'ombe na kuweka nyati wa Kimarekani. Kuna pia Rupert Murdoch, ambaye mwaka 2021 aliilipa kampuni ya Koch dola milioni 200 kwa ranchi ya Beaverhead.

Orodha hizo zinasema kweli, lakini zinahesabu watu binafsi peke yao. Mwenye ardhi kubwa kuliko wote Montana ni serikali kuu ya Marekani, yenye takriban ekari milioni 27, karibu asilimia 29 ya jimbo. Idara ya misitu peke yake inashika kama milioni 17, na ofisi ya ardhi za umma, BLM, kama milioni 8. Serikali ya jimbo nayo ina zaidi ya milioni 5, na mapato yake mengi huenda shuleni. Ukijumlisha, zaidi ya theluthi moja ya Montana ni mali ya umma. Ranchi zote za ndugu Wilks katika jimbo hilo, ukiziunganisha, hazifiki ekari nusu milioni.

Kwa hiyo mwananchi wa kawaida wa Montana, fundi magari au mwalimu, ni mbia katika shamba kubwa kupita yote jimboni. Hapo ndipo hesabu za ekari zinapoanza kupotosha. Mwaka 2018 chama cha hifadhi cha TRCP, kikishirikiana na kampuni ya ramani ya onX ya huko huko Montana, kilichunguza ramani za majimbo ya magharibi kikakuta kwamba ndani ya Montana kuna takriban ekari milioni 1.5 za serikali kuu ambazo raia hana njia halali ya kuzifikia. Hakuna barabara ya umma wala ujia unaofika huko. Zimezingirwa na ardhi za watu.

Ili kuelewa zilivyozingirwa, inabidi turudi kwenye reli.

Tarehe 2 Julai 1864 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ya kuanzisha reli ya Northern Pacific, kutoka eneo la Maziwa Makuu ya Marekani hadi Bahari ya Pasifiki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinaendelea na hazina haikuwa na fedha za kujengea, basi kampuni ikalipwa kwa ardhi. Wapimaji walikuwa wakiigawa nchi katika miraba ya maili moja kwa maili moja, kila mraba ekari 640, na kila mraba ukipewa namba. Kando ya njia ya reli, miraba yenye namba witiri ilikwenda kwa kampuni, na yenye namba shufwa ikabaki kwa serikali. Katika maeneo ambayo hayajawa majimbo, Montana ikiwa mojawapo, ukanda huo ulienda maili 40 kila upande wa reli. Kwa jumla kampuni ilipata kiasi cha ekari milioni 40. Montana ilipopata ujimbo mwaka 1889, mraba wa 16 na wa 36 katika kila kundi la miraba 36 ikatengwa kwa ajili ya shule.

Tazama ramani ya leo, utaona ubao wa drafti: mraba wa umma, mraba wa mtu, mraba wa umma, mraba wa mtu, hadi milimani.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Mkataba wa mwaka 1851 uliwatambulia Wacrow, kabila la wenyeji wa asili, zaidi ya ekari milioni 38 katika Montana na Wyoming za sasa. Mkataba wa 1868 ukawaachia milioni 8. Leo eneo lao ni kama milioni 2.3, na hata humo ndani vipande vingi vilitoka mikononi mwao baada ya sheria ya mwaka 1887 iliyovunja umiliki wa pamoja wa makabila na kumgawia kila mtu kiwanja chake, ambacho baadaye kiliuzika. Wasalish na Wakootenai, kwenye eneo la Flathead, wamekuwa wakinunua tena kilichokuwa chao, kiwanja kwa kiwanja, na sasa wanamiliki zaidi ya nusu yake. Uchambuzi wowote wa ardhi ya Montana unaoanzia kwa matajiri wa Texas umeruka mlango huu.

Turudi kwenye ubao. Miraba miwili ya umma hukutana kwenye kona, na kona haina upana. Ukivuka kutoka mraba mmoja wa umma kwenda mwingine, bega lako linapita juu ya ardhi ya majirani wawili. Je, umeingia kwao bila ruhusa? Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walilijaribu swali hilo huko Wyoming, kwenye ranchi ya Elk Mountain. Katika kona moja mwenye ranchi alikuwa amesimika nguzo mbili za chuma na kufunga mnyororo kati yake. Wawindaji walikuja na ngazi ya chuma ya miguu miwili, wakaisimamisha juu ya kona ile, wakapanda upande huu na kushuka upande ule bila kukanyaga hata inchi ya ardhi ya ranchi. Walishtakiwa kwa jinai, wakaachiwa. Wakafunguliwa kesi ya madai, wakashinda. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Kanda ya Kumi ilikubaliana nao kwa kutegemea sheria ya mwaka 1885 inayokataza kuzuia watu wasifike kwenye ardhi ya umma, na Oktoba mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa ya mwenye ranchi.

Wyoming iko Kanda ya Kumi. Montana iko Kanda ya Tisa, na hukumu ile haiifungi.

Thamani ya kipande kilichofungiwa inaonekana vizuri katika vilima vya Durfee, katikati ya Montana. Ni ekari zipatazo 2,700 za BLM, zimezungukwa pande zote na ranchi ya N Bar ya ndugu Wilks. Vilima hivyo vina elki wengi, wale kulungu wakubwa wenye pembe za matawi, na mwindaji anayewataka hana budi kukodi ndege ndogo. Ndugu hao waliwahi kuiomba BLM ibadilishane nao: wao wachukue vilima, umma upewe ardhi nyingine na njia ya kuelekea kwenye magenge ya mto Missouri. Wawindaji wengi walipinga vikali na BLM ikakataa. Nadhani ilifanya vyema, ingawa ofa haikuwa mbaya kwenye karatasi. Umma ukikubali mara moja kwamba kilichozingirwa kinauzika, kila mwenye ranchi kubwa atakuwa na sababu ya kuzingira.

Ukubwa wa ranchi wenyewe nao una siri yake. Beaverhead hutajwa kuwa na ekari 340,000, lakini ndani ya hesabu hiyo mna malisho ya umma yaliyokodishwa. Ni utaratibu wa kawaida: hati miliki inashika mabonde yenye maji, na kibali cha serikali kinapanda mlimani. Ada ya malisho ya serikali kuu, kwa ng'ombe na ndama wake kwa mwezi mzima, ilikuwa dola 1.35 tangu 2019 hadi 2025. Anayemiliki bonde huutumia mlima kwa bei ya soda.

Wafugaji wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Mageti huachwa wazi ng'ombe wakatawanyika, watu huwasha moto kiangazi, magari huchimba njia kwenye matope. Majira ya baridi elki hushuka kula nyasi za mfugaji, na hakuna anayemlipa. Wengi wao hufungua ardhi zao kwa hiari kupitia mpango wa jimbo unaowafidia kwa kupokea wawindaji.

Tatizo ni kwamba hiari hufuata mwenye hati, na hati huhama. Misitu ya reli ya Northern Pacific ilikuja kuwa ya kampuni ya Plum Creek, ambayo kwa miaka mingi iliwaacha watu wa magharibi mwa Montana waokote kuni, wawinde na wachume matunda pori humo. Mwaka 2016 Plum Creek iliungana na Weyerhaeuser. Mwaka 2020 Weyerhaeuser iliuza ekari 630,000, zote ilizokuwa nazo Montana, kwa kampuni ya jimbo la Georgia, kwa dola milioni 145. Wenyeji waliozoea kupita tangu utotoni waligundua kwamba hawakuwahi kuwa na haki ya kupita. Walikuwa na mazoea tu, na mnunuzi hakulazimika kuyanunua.

Kwa upande wa maji, Montana ilishalimaliza jambo hili. Sheria ya mwaka 1985 inampa raia haki ya kutumia mto hadi kwenye alama ya kawaida ya maji kujaa, hata mto ukipita katikati ya ranchi ya bilionea, na ufugaji haukufa. Kuhusu kona, muswada uliofikishwa kwenye bunge la jimbo mwaka 2013 ulikwama, na maafisa wa jimbo bado wanashikilia kwamba kuvuka ni kosa. Mstari mmoja wa sheria, unaosema kwamba kupita kwenye kona bila kukanyaga wala kuharibu cha mtu si kosa, ungewarudishia wenye mali laki kadhaa za ekari zao, na hakuna mfugaji ambaye angepoteza hata mraba mmoja.